Paji la Uso Chini ya Orodha

Krrr.

Pete za chuma zikiburutwa juu ya fimbo ya chuma. Katika sauti zote za utotoni mwake, hiyo ndiyo iliyobaki nzima. Mama yake alikuwa mshona mapazia, na chumba chao kimoja kiligawanywa kwa pazia: upande huu cherehani na wateja, upande ule kitanda na mtoto. Mtu akibisha mlangoni, krrr, na mtoto akabaki na mgeni wa kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini. Aliwajua watu kwa viatu vyao. Aliwajua kwa namna walivyohamisha uzito wakisubiri, na kwa vidole vya miguu vinavyojikunja mtu anaposema uongo mdogo.

"Macho hayana pazia," mama alimwambia siku alipomkuta amelala kifudifudi sakafuni, akichungulia. "Lakini pazia lina pindo. Kitambaa kiachie nafasi chini, kitajua pa kuangukia. Usipokiachia, kitakuonyesha usichoomba kuona, na kukuficha ulichokuwa unakitafuta."

Mtoto yule leo ni mama mtu mzima. Ofisini wanamwita Shangazi, ingawa hakuna hata mmoja pale aliyezaliwa na kaka yake. Ni umri tu: amewazidi wote, na ndiye pekee anayekuja na sweta kwa sababu ya kiyoyozi. Kazi hii aliijia kwa kuchelewa. Kwanza aliuza simu dukani, miaka na miaka, na wateja waliporudi kulalamika kwamba maneno yamekatika au kitufe hakionekani, wenzake waliwaambia wakanunue simu kubwa zaidi. Yeye aliketi nao kutazama. Polepole akaona kwamba kasoro zile hazikuwa ngeni kwake. Zilikuwa kasoro za ushonaji. Akaenda kusomea utengenezaji wa programu za simu, darasa moja na vijana wa rika la binti yake. Binti akamwambia, "Mama, ukifeli usiseme unanijua."

Hakufeli. Sasa ana meza yake ghorofa ya tatu, kwenye kampuni ndogo iliyotengeneza programu wanayotumia manesi wanaotembelea wagonjwa majumbani. Asubuhi nesi anafungua simu na kukuta orodha ya watu wake wa siku hiyo: picha, jina, mtaa, ugonjwa. Anakwenda nyumba kwa nyumba, na kila anayemhudumia anamwekea alama. Chini kabisa ya kioo umeganda ukanda wa kijani wenye kitufe kikubwa kilichoandikwa Maliza Siku.

Kazi ya Shangazi ni orodha. Watu hawajui kwamba orodha ya kwenye simu ni jambo la kutisha kidogo ukiikaribia. Kioo ni dirisha dogo, na orodha ni kitambaa kirefu kinachopita nyuma yake. Ukikivuta kwa kidole unaona kipande, na mengine yote yako gizani. Aliwahi kukuta orodha imewekwa ndani ya orodha nyingine, kila moja ikimuuliza mwenzake una urefu gani, hakuna aliyejibu, na kioo kikabaki cheupe, kama wageni wawili wanaokesha mlangoni, kila mmoja akisema tangulia wewe. Aliwahi pia kukuta ile kasoro ya mistari inayotumiwa upya. Simu ni bahili. Mstari ukipita juu na kutoweka, hautupwi, unazungushwa kimyakimya na kurudi kutokea chini umevaa jina jingine. Mtengenezaji akisahau kuufuta vizuri, unarudi na uso wa zamani. Siku moja Shangazi aliona jina la binti mdogo mwenye pumu, na kando yake uso wa babu ambaye kila mtu pale ofisini alijua ameshazikwa. Alivuta orodha juu, akavuta chini. Yule babu akahamia kwa mtu mwingine. Akavuta tena, akahamia tena. Shangazi alitengeneza kasoro ile kabla ya chakula cha mchana, na chakula chenyewe hakukila.

Ndiyo maana nesi yule alipopiga simu, vijana walicheka lakini yeye hakucheka.

"Hallo, hapo ndipo kwa wale wa programu?" Ilikuwa sauti ya mama mzima, mwenye kuhema kama anayepanda ngazi. "Mimi kuna mtu ananichungulia."

"Nani anakuchungulia, mama?" Kijana wa meza ya jirani alikuwa ameweka simu kwenye sauti ya wote, akiwakonyeza wenzake.

"Ningemjua ningekupigia wewe? Yuko chini ya orodha yangu. Nikiivuta orodha kwa nguvu, anainua kichwa. Nywele, halafu paji la uso. Nikiachia kidole, anazama."

"Labda anaona haya."

"Na wewe labda hukulelewa. Nipe mtu mzima niongee naye."

Simu ikaletwa kwa Shangazi, vijana wakiuma midomo. Yeye alimuuliza nesi maswali machache ya kawaida, kisha akafungua programu kwenye simu yake mwenyewe, akavuta orodha ya majaribio mpaka mwisho. Mtu wa mwisho alikaa vizuri juu ya ukanda wa kijani, uso mzima, akitabasamu. Alikuwa mtu wa kubuni, aliyepewa na vijana jina la mchekeshaji wa zamani. Hakukuwa na mtu chini yake.

"Dada," alisema kwenye simu, "unaweza kuniletea hiyo simu yako?"

"Nakuja nayo sasa hivi. Nimechoka kukaa nayo peke yangu."

Alifika akiwa na mkoba wa dawa begani na miwani minene kama vitako vya chupa, na kabla hajaketi vijana walikuwa wamekwisha kumpa jina: Miwani. Alilisikia, akawageukia. "Miwani ni yangu, nimeinunua. Nyinyi hizo akili mmeazima kwa nani?" Kisha akaitua simu mezani mbele ya Shangazi, kwa mikono miwili, kama mtu anayetua chungu chenye kitu ndani.

Ilikuwa simu ndogo, ya bei ya chini, pembe moja imepasuka. Herufi zake zilikuwa kubwa ajabu. Miwani alikuwa amezikuza mpaka kikomo. Kila mstari ulijaza karibu robo ya kioo. Shangazi alianza kuvuta. Mama mwenye shinikizo la damu akapita, bwana wa mgongo akapita, bibi wa macho akapita. Bwana mwenye mkono wa bandia akafika chini na kusimama juu ya ukanda wa kijani. Hapo orodha iligoma. Mwisho.

"Vuta," Miwani alisema, amejikunyata nyuma ya kiti. "Vuta kama unamkokota mtu."

Shangazi alivuta. Orodha ilinyooka kidogo kupita mwisho wake, kama orodha za simu zinavyofanya, na juu ya ukingo wa ukanda wa kijani zikatokea nywele nyeupe. Akaendelea. Likatokea paji la uso, pana, lenye mikunjo mitatu iliyolala kama mistari ya daftari. Zikatokea nyusi. Macho hayakutokea. Aliganda hapo, kidole kimekaza juu ya kioo, na yule mtu naye akaganda, nusu kichwa nje, kama anayeoga mtoni anayesikiliza kama bado kuna mtu ukingoni.

Akaachia. Kichwa kikazama.

Hakuna aliyecheka tena. Kijana wa meza ya jirani alisogea, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya kawaida, "Mvute tena."

"Aliye juu mngoje chini," Miwani alisema. "Huyu keshafika chini. Mnataka nikamngoje wapi?"

Shangazi aliunganisha simu ile kwa waya kwenye kompyuta yake, akapandisha miwani yake mwenyewe puani, akaanza kusoma. Haikumchukua muda. Aliyeshona orodha ile, mtu ambaye alishahama kampuni, alikuwa amepima urefu wa ukanda wa kijani kwa jicho lake na simu yake: herufi ndogo, simu ndefu, kitufe kimoja. Akaiambia orodha, iache nafasi hii chini, ukanda utakaa hapo. Nafasi ikaandikwa kwa tarakimu, ikagandishwa. Baadaye kiongozi wa ofisi akaongeza sentensi ya onyo juu ya kitufe. Kwenye simu za vijana sentensi ile ilikaa mstari mmoja na kila kitu kikaonekana sawa. Kwenye simu ya Miwani, yenye herufi za mtu mwenye macho yaliyochoka, sentensi ilivunjika mara nne, ukanda ukavimba kwenda juu kama mkate, ukamfunika mtu wa mwisho mzimamzima. Nafasi iliyoachwa haikujua kwamba ukanda umekua. Orodha ikaamini imefika mwisho. Kila mtu ofisini alikuwa amejaribu programu ile kwa macho mazuri.

Sasa alifuta ile tarakimu, na badala yake akaiamuru orodha iwe inauliza kila mara: ukanda, leo una kimo gani? Na kwa kadiri ya jibu, iache nafasi tupu chini. Akairudisha programu kwenye simu ya Miwani, akavuta.

Bwana mwenye mkono wa bandia alipanda juu, akawapisha. Nywele nyeupe zikaja, paji la uso likaja, nyusi zikaja, na safari hii havikukoma: macho, pua, mdomo, shingo yenye ukosi uliofungwa mpaka juu. Mzee. Alikaa juu ya ukanda, mzima, na chini yake nafasi tupu ndogo. Katika picha ile hakuwa akitazama kamera kama wengine wote. Alikuwa ametazama kando, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza jirani aliyekaa naye.

"Huyu ndiye anayenichungulia?" Miwani alisema. "Mbona simjui?"

Alikuwa mgonjwa wa nesi mwingine aliyeacha kazi, akahamishiwa kwake. Kisukari. Kidonda mguuni. Chini yake pameandikwa: kisafishwe na kufungwa kila siku. Miwani alisoma mara mbili, simu karibu na pua, na mkono wake wa pili ukaanza kupapasa mkanda wa mkoba.

"Sijawahi kufika kwake, dada," alisema polepole. "Sijawahi hata kupita mtaa huo."

Shangazi alikuwa tayari anatazama kumbukumbu za mzee, na hapo ndipo kiyoyozi kilipompenya sweta. Kila siku mzee alikuwa amewekewa alama kwamba ametembelewa. Hilo lilieleweka: manesi waliwahi kulalamika kwamba kuweka alama kwa kila mtu kunachosha, kwa hiyo kitufe cha Maliza Siku kikafundishwa kuwawekea alama wote waliobaki, na kuwatumia ujumbe. Umetembelewa leo. Asante kwa kumkaribisha muuguzi wetu. Miwani alikuwa akibonyeza kitufe kile jioni baada ya jioni, kwa nia njema, akiwa amemaliza wote anaowaona.

Lakini mgonjwa akipata ujumbe huo anaweza kujibu. Na mzee alikuwa akijibu.

*Asante. Leo alikaa sana.*

*Asante. Leo hakuvua koti, nadhani alikuwa na baridi.*

*Hatukuongea, ila si kimya kibaya.*

*Ameanza kupenda upande wa dirisha.*

Na kila mara, nyota tano.

Miwani aliketi kwenye kiti cha mtu bila kuomba. "Kama si mimi," alisema, "anayekwenda ni nani?"

Kiongozi wa ofisi, kijana mpole anayevaa viatu vyeupe kila siku ya Mungu, aliitwa akaja akasimama nyuma yao. Alisoma majibu yale, akakuna shingo.

"Shangazi, mimi naona mteja ameridhika. Labda kuna jirani anamhudumia. Tutoe marekebisho na toleo lijalo, taratibu, tusiwatie watu hofu."

"Mkuu, kidonda hakisafishwi na nyota."

"Sijasema hivyo."

"Umesema taratibu." Alikuwa anakunja waya wa simu. "Toa marekebisho leo, maana Miwani si nesi pekee mwenye macho yaliyochoka. Na kitufe kile kikome kuwawekea alama watu ambao hawajaonekana. Mimi nakwenda na huyu dada kumtazama mtu wangu."

"Mtu wako?"

"Nimemvuta mimi, si wangu?"

Kijana alifikiri, akatazama paji la uso lile kwenye kioo, akaenda mwenyewe mezani kwake kuanza kazi ya kutoa marekebisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye macho mazuri.

Ilikuwa jioni inaanza, jua bado kali, mtaa wa nyumba zilizobanana ambazo milango yake inafunguka kwenye ujia mmoja mrefu. Nguo zilikuwa zimeanikwa kimya, bila upepo. Njiani Miwani hakufunga mdomo: kuhusu magoti yake, kuhusu mkwewe, kuhusu mgonjwa mmoja aliyempa kuku akiwa hai ndani ya chumba cha mapokezi. Walipoingia ujiani akanyamaza. Mlango wa mzee ulikuwa wa mwisho, na ulikuwa umeegeshwa.

"Hodi."

"Karibuni. Fungeni taratibu."

Kilikuwa chumba chembamba, kisafi, chenye kiza cha mapazia yaliyofungwa. Kitanda upande mmoja. Mzee ameketi kwenye kiti, ukosi umefungwa mpaka juu, mguu wake mmoja umepumzishwa juu ya kigoda. Mkabala na kigoda, upande wa dirisha, kiti kingine chenye mto. Kati ya kiti kile na ukuta hapakuwa na nafasi ya mtu kupita. Shangazi aliona vitu vile vyote kwa mpigo, na kisha akaona kwamba mto wa kile kiti kitupu umebonyea katikati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu." Alisema kwa sauti ya chini sana, na wao wakajikuta wameshusha zao. "Leo mmekuja wengi. Mwenzenu ameshafika."

Miwani alimshika Shangazi sweta.

"Mwenzetu yupi, mzee?"

Mzee alitazama kiti kwa adabu, akarudisha macho. "Nilifanya kazi sinema, maisha yangu yote. Mwonyesha viti. Unaingia gizani na tochi, unawaonyesha watu pa kukaa. Nyuso zao huzioni, na si adabu kuzimulika. Lakini baada ya muda unajua. Ukisimama mwisho wa safu, unajua kiti kipi kina mtu na kipi hakina. Wenzangu walinijaribu mara nyingi, wakashindwa. Basi nilipohamia hapa, simu ikaanza kuniambia jioni kwamba muuguzi amekuja. Mwanzoni nilisema, uongo, mimi nimekaa hapa mchana kutwa. Nikaudhika. Halafu siku moja nikazima taa nikatulia, nikasikiliza kama zamani. Alikuwepo."

Kwa mbali, nyumba ya mtu, bomba lilikuwa likidondosha maji.

"Mzee," Miwani alisema hatimaye, kwa sauti yake ya kazi, "mimi ndiye nesi wako. Naomba nione huo mguu."

Alimruhusu kuutazama, akaukunja ukingo wa suruali yeye mwenyewe. Miwani aliinama kwa shida, mkono mmoja umeshika ukuta. Bandeji ilikuwa ya zamani, imegeuka rangi ya chai. Alinusa. Shangazi alimwona akifumba macho. Kisha akagusa fundo kwa ncha ya kidole, akalifuata lilipozunguka mpaka nyuma ya kisigino, akainuka polepole na kumnong'oneza Shangazi sikioni.

"Fundo limefungiwa nyuma. Goti lake halikunjiki, umeliona. Hawezi kufika pale mwenyewe. Na kidonda hiki, kwa muda huu wote bila mtu, kingekuwa kimeshaingia mfupani. Kuna mtu amekuwa akikifunga."

"Majirani."

"Labda majirani." Hakuonekana kuamini. "Lakini harufu hii naijua. Kimeanza. Kipate dawa leo. Leo ni leo, asemaye kesho mwongo."

Mzee alikuwa amesikia. Masikio yake yalikuwa ya mtu wa gizani. "Yeye hana mkoba," alisema kama anayemtetea mtu. "Huja mikono mitupu. Hufunga tu, na kukaa. Msimlaumu."

"Hatumlaumu, mzee. Nataka kukaa hapo nikusafishe."

"Pana mtu."

"Basi wewe usogee huku kitandani."

"Nikimwacha peke yake ataona nimemfukuza." Mzee alitikisa kichwa, si kwa ubishi, kwa huzuni. "Leo simu haijalia. Kila siku hulia saa hizi kuniambia yuko, leo kimya. Na bado amekuja. Mnataka nimwinue siku kama hii? Mimi kazini sijawahi kumwinua mtu aliyelipa tiketi."

Simu haikulia kwa sababu Shangazi ndiye aliyeagiza kitufe kile kikome. Asubuhi ile alikuwa amemtoa mtu mmoja chini ya ukanda, na huenda kwa mkono uleule amemfungia mwingine nje.

"Nitakaa sakafuni," Miwani alisema bila matumaini.

"Na magoti?"

"Nikiyakunja sakafuni mtaita watu wa kunibeba." Alijipangusa shingo. "Mzee, sikiliza. Huo mguu unaoza. Ukikataa leo, wiki ijayo hatutazungumza habari za bandeji, tutazungumza habari za msumeno. Samahani kwa mdomo wangu."

"Nimekusikia, mwanangu."

"Umenisikia, sasa?"

"Sasa pana mtu."

Miwani aligeuka, macho yamejaa maji nyuma ya vioo vile vinene, akamwambia Shangazi kwa hasira ya mtu anayeogopa, "Mwambie wewe. Hizi ni kazi zenu."

Shangazi alisimama pale katikati ya chumba, mikono ndani ya mifuko ya sweta. Angeweza kumweleza mzee. Alikuwa na maneno yote: tarakimu iliyogandishwa, ukanda uliovimba, kitufe kinachodanganya. Yote yalikuwa kweli, na aliyaona yakifika kwa mzee na kumwacha peke yake chumbani, na kiti kitupu, na jioni zote zile zikirudi moja moja kuwa tupu. Akatazama ule mto. Akatazama fundo la nyuma ya kisigino.

"Mzee," aliuliza, "pale sinema, mtu akichelewa, na safu imejaa, nafasi iko katikati. Mlikuwa mnafanyaje?"

Mzee alifikiri. Kwa mara ya kwanza kitu kama tabasamu kilipita kwenye mikunjo ya paji lake.

"Kuinua mtu, hapana. Kuomba, ndiyo. Gizani watu huombana. Anainama yule anayehitaji, anasema naye karibu na sikio, kwa upole, na kwa sauti ya chini kabisa, maana wengine wanatazama. Hakuna mtu aliyewahi kukataa. Miaka yote ile, sikumbuki hata mmoja."

"Mimi siongei na kiti," Miwani alisema.

"Wewe fungua mkoba."

Miwani akafungua mkoba. Vichupa viligongana. Shangazi alipita mbele ya mzee, ameinama kidogo, kama watu wanavyopita mbele ya wengine mahali pa giza, akafika kwenye kiti cha upande wa dirisha. Kwa karibu, hewa ya pale ilikuwa baridi kidogo kuliko ya chumba kizima, au alidhani hivyo. Akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti. Akainamisha kichwa mpaka mahali ambapo, kama kungekuwa na mtu, lingekuwa sikio lake.

"Samahani, dada," alisema, kwa sauti ambayo hata Miwani hakuisikia vizuri. "Tunaomba usogee kidogo, na huyu naye apate pa kukaa."